Msimbo Uliozeeka na Msomaji Mpya: Historia ya Kuhamisha Tovuti za PHP, 1995–2023

Tarehe 28 Novemba 2022, toleo la 7.4 la lugha ya PHP lilifikia ukomo wa kupatiwa marekebisho ya kiusalama. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Novemba, kampuni ya OpenAI ya Marekani iliufungulia umma chatiboti yake ya ChatGPT. Matukio hayo hayakupangwa yafuatane, na wengi walioshangilia la pili hawakuwahi kusikia habari za la kwanza. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa akitunza tovuti iliyoandikwa miaka kumi au kumi na mitano kabla, matukio hayo yaligusana moja kwa moja. La kwanza lilimwambia kuwa hana budi kuhama. La pili lilimpa msaidizi asiyechoka, asiyeona haya kujibu lolote, na aliyeonekana kuzijua lugha zote za kompyuta. Katika miezi iliyofuata, kubandika faili la zamani katika kisanduku cha mazungumzo na kuomba lirudishwe likiwa la kisasa likawa jambo la kawaida.

Makala hii inaichunguza hali hiyo kihistoria. Hoja yake ni kwamba kuhamisha msimbo ni kazi ya kusoma kabla haijawa kazi ya kuandika, na kwamba chatiboti za akili unde zimebadili zaidi upande wa kusoma. Mjadala wa wataalamu umejikita katika swali la iwapo mashine huandika msimbo sahihi. Swali hilo ni halali, lakini likipimwa kwa historia ya PHP huonekana kuwa dogo.

Lugha iliyokua bila ramani

PHP haikuanza kama lugha. Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland aliyekulia Denmark na Kanada, aliandika programu ndogo kadhaa kwa lugha ya C ili ajue ni watu gani waliokuwa wakiusoma wasifu wake mtandaoni. Juni 1995 alizitoa hadharani ili kila mwenye haja azitumie. Andi Gutmans na Zeev Suraski, waliokuwa wanafunzi katika taasisi ya Technion huko Israeli, waliuandika upya mtambo wake wa kuchanganua msimbo, na toleo la 3 likatoka mwaka 1998. Toleo la 4 lilifuata mwaka 2000, na la 5 mwaka 2004.

Siri ya kuenea kwa lugha hii ilikuwa urahisi wake. Mtu aliyejua kuandika ukurasa wa kawaida wa tovuti aliweza kupenyeza humo mistari michache ya PHP, akaupakia kwenye seva ya bei nafuu, na siku hiyohiyo akawa na fomu ya kutafuta vitabu au orodha ya wanachama. WordPress, Moodle na MediaWiki, ambayo ndiyo inayoendesha Wikipedia pamoja na toleo lake la Kiswahili, zote ziliandikwa kwa PHP. Ndivyo ilivyo pia kwa Open Journal Systems, mfumo uliobuniwa Kanada ambao majarida mengi ya kitaaluma barani Afrika huutumia kuchapisha makala mtandaoni. Nyuma ya majina hayo makubwa kulikuwa na umati wa tovuti ndogo zisizokuwa na jina lolote: za vyama, maktaba, shule, parokia, misikiti na idara za vyuo, kila moja ikiwa imeandikwa na mtu mmoja aliyekwisha kuhamia kazi nyingine. Mifumo mikubwa ilikuwa na jumuiya za kuihamisha. Tovuti hizi ndogo hazikuwa na mwenyewe.

Urahisi huo ulikuwa na gharama yake. Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi gharama hiyo ilivyolipwa kwa miongo miwili, nao unahusu alama ndogo kabisa ambayo mwandishi wa Kiswahili haikwepi: ritifaa.

Ritifaa ya ng'ombe

Katika hifadhidata za aina ya MySQL, ritifaa huashiria mahali maneno ya mtumiaji yanapoanzia na yanapoishia. Mtu akiandika neno "ng'ombe" katika fomu ya kutafuta, na msimbo ukalichukua neno hilo na kulipachika kama lilivyo ndani ya ombi la hifadhidata, ritifaa iliyomo hufunga neno kabla ya wakati wake. Herufi "ombe" zinazobaki husomwa kana kwamba ni amri. Ombi huvunjika. Ikiwa mwandishi wa fomu ana nia mbaya, anaweza kuandika baada ya ritifaa amri halisi ya kufuta au kuiba kumbukumbu. Hiyo ndiyo hila ya kiusalama iliyotikisa tovuti nyingi kuliko karibu hila nyingine yoyote ya zama hizo.

Watunzi wa PHP walijaribu kuwalinda wanagenzi kwa utaratibu ulioitwa magic quotes. Kila kitu kilichotoka kwa mtumiaji kiliwekewa alama ya mkwaju uliolalia nyuma kabla ya ritifaa, na hivyo "ng'ombe" likawa "ng\'ombe" bila mwandishi wa msimbo kuomba. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba utaratibu huo ulitegemea mpangilio wa seva: seva moja iliuwasha, nyingine iliuzima. Mwandishi mwangalifu aliyeongeza kinga yake mwenyewe juu ya ile ya seva alijikuta ameikinga ritifaa mara mbili, na mkwaju ukahifadhiwa ndani ya hifadhidata kama sehemu ya neno. Badala ya kurekebisha chanzo, wengi waliongeza amri ya stripslashes mahali pa kuonyesha matokeo ili mikwaju isionekane. Ukurasa ulipendeza, hifadhidata ilibaki na uchafu wake.

Machi 2012 toleo la 5.4 liliuondoa utaratibu huo kabisa. Pamoja nao iliondolewa register_globals, ambayo iliruhusu maneno yaliyoandikwa katika anwani ya ukurasa kugeuka vigeu ndani ya programu, na ambayo ilikuwa imekwisha kuzimwa kama chaguo la awali tangu mwaka 2002. Mwaka 2013 amri za familia ya mysql_ zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati, na Desemba 2015 toleo la 7.0 likazifuta. Seva ilipopandishwa toleo, tovuti zilizozitumia zilikufa papo hapo kwa ujumbe kwamba amri hiyo haijulikani.

Kifo cha namna hiyo kina heri yake, kwa kuwa hujitangaza. Mabadiliko ya kuogopwa ni yale ya kimyakimya. Katika toleo hilohilo la 5.4, amri ya htmlspecialchars, ambayo husafisha maandishi kabla ya kuyaonyesha, ilibadilishiwa usimbaji wake wa awali wa herufi kutoka ISO-8859-1 kwenda UTF-8. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka Microsoft Word na kuhifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows mara nyingi yalikuwa na ritifaa iliyopinda, ile inayoonekana katika "ng’ombe". Kwa kanuni za UTF-8 baiti hiyo moja ni batili, na amri hiyo ikikutana nayo hurudisha utupu. Aya nzima hutoweka kwa sababu ya alama moja. Hakuna ujumbe wa kosa, na ukurasa huendelea kufunguka kana kwamba aya hiyo haikuandikwa kamwe. Novemba 2020 toleo la 8.0 liliongeza jingine la aina hiyo: sifuri ikilinganishwa na neno lisilo namba, jibu ambalo lilikuwa "sawa" tangu zamani likawa "si sawa". Menyu iliyopangwa ifungue ukurasa wa mwanzo kwa kila neno isilolitambua ilianza kufungua kitu kingine au kutofungua chochote.

Kampeni, sheria na mashine za kanuni

Kabla ya chatiboti, watu waliwahamisha wengine kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa shinikizo la pamoja. Mwaka 2007 miradi mingi ya programu huria ilijiunga katika kampeni iliyoitwa GoPHP5 na kukubaliana kwamba kuanzia tarehe 5 Februari 2008 matoleo yao mapya yangehitaji angalau PHP 5.2, ili kampuni za seva zisiwe na kisingizio cha kubaki na toleo la 4. Kampeni hiyo ilifaa kwa miradi yenye wenyewe. WordPress kwa upande wake ilichagua uvumilivu: iliendelea kuikubali PHP 5.2 hadi Mei 2019. Uvumilivu huo unaweza kusifiwa kuwa huruma kwa wanyonge, ingawa ni vigumu kukanusha kwamba ulirefusha pia maisha ya seva zilizokuwa hatari.

Njia ya pili ilikuwa mashine zinazofuata kanuni. Lugha ya Python, ilipovunja uhusiano na historia yake kwa toleo la 3 mwaka 2008, ilikuja na zana ya 2to3 iliyobadili sentensi za zamani kuwa mpya. Bado uhamaji ulichukua zaidi ya muongo, na Python 2 ilizikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020 baada ya tarehe ya awali ya 2015 kusogezwa mbele. Kwa PHP kulikuwa na Rector, iliyoanzishwa na Tomáš Votruba, ambayo huusoma msimbo kama mti wa sarufi na kubadili tawi baada ya tawi. Uzuri wa zana hizi ni uaminifu wake: isipokuwa na kanuni ya jambo fulani, huliacha kama lilivyo. Udhaifu wake ni huohuo. Haielezi chochote. Mtunza tovuti asiyejua PHP alipewa orodha ya mabadiliko mia tatu asiyoweza kuamua lipi ni la maana.

Hata jambo linaloonekana kuwa la kubadili jina tu halikuwa hivyo. Katika mysql_query ombi hutangulia, na muunganisho na hifadhidata huweza kuachwa bila kutajwa, kwa kuwa lugha huchukua ule uliofunguliwa mwisho. Katika mysqli_query muunganisho ni lazima utajwe, nao ndio hutangulia. Msimbo wa zamani ulikuwa na mazoea ya kuufungua muunganisho katika faili moja na kuutumia katika mafaili arobaini mengine bila kuutaja mahali popote. Kuongeza jina la kigeu mbele ya kila ombi hakutoshi, maana ndani ya mipaka ya amri zilizoundwa na mwandishi mwenyewe kigeu hicho hakionekani. Amri kama mysql_result haina hata mwenzake wa moja kwa moja.

Msomaji mpya

Chatiboti ilipoingia katika kazi hii mwishoni mwa 2022, ilileta kitu ambacho zana za kanuni hazikuwa nacho. Imefunzwa kwa wingi wa maandishi ya mtandaoni, na maandishi hayo yamejaa miaka ishirini ya mafunzo ya PHP kwa wanagenzi, maswali yao, na majibu waliyopewa. Kwa hiyo inaijua lahaja ya 2003. Ikipewa mstari unaouliza get_magic_quotes_gpc, inaweza kumweleza mtunza tovuti, kwa lugha anayoielewa, kwamba mstari huo unauliza swali ambalo tangu 2012 lina jibu moja tu la "hapana", na kwamba katika toleo la 8.0 hata swali lenyewe limefutwa. Maelezo ya namna hiyo zamani yalihitaji mtu aliyeishi kipindi hicho. Wapo, lakini ni wachache, na gharama yao haiwezekani kwa chama chenye tovuti moja.

Hapa ndipo mchango wa kihistoria wa chatiboti ulipo. Mtu ambaye hakuuandika msimbo, na pengine hajui kuuandika, anaweza sasa kuuhoji. Anaweza kuuliza faili hili hufanya nini, kigeu hiki kisicho na jina la maana kinabeba nini, sehemu ipi inagusa kumbukumbu za watu na ipi ni mapambo tu.

Kumbukumbu hiyohiyo ndefu ina kasoro. Mashine iliyosoma lahaja ya 2003 kwa wingi huweza pia kuizungumza. Ikiombwa kubadili mysql_ kuwa mysqli_, huweza kufanya hivyo hasa, ikaacha maneno ya mtumiaji yakiendelea kupachikwa ndani ya ombi kama zamani, ilhali njia ya maombi yaliyoandaliwa, inayotenganisha amri na maneno, ipo katika PHP tangu toleo la 5. Tovuti hupata uhai, na ritifaa ya ng'ombe hubaki mlango wazi. Aidha, modeli za awali za OpenAI zilikuwa zimefunzwa kwa maandishi yaliyoishia Septemba 2021. Toleo la 8.1, lililotoka Novemba mwaka huo, liliifanya mysqli itupe hitilafu yenyewe pale ombi linaposhindwa, hivyo sehemu za "or die" zilizosambaa katika tovuti za zamani hazifikiwi tena. Chatiboti iliyofungiwa kabla ya toleo hilo iliweza kuzihamisha sehemu hizo kwa uangalifu wote bila kujua kuwa zimekwisha kufa.

Kulikuwa pia na suala la upana wa macho. Modeli zilizokuwa nyuma ya ChatGPT ya mwanzo ziliweza kushika takribani tokeni 4,096 kwa wakati mmoja, kiasi kisichofika kurasa kumi za maandishi ya kawaida. Mtunza tovuti alilazimika kulisha faili moja moja, na faili lenye muunganisho halikuwa mbele ya mashine ilipokuwa ikilibadili faili linaoutegemea. Mwaka 2023 upana huo uliongezeka haraka, na tatizo hili likapungua. Wakati huohuo lilijitokeza jingine la kienyeji kabisa: faili la kwanza ambalo watu walilibandika lilikuwa mara nyingi lile la mipangilio, lenye nywila ya hifadhidata iliyoandikwa wazi tangu siku ya kwanza.

Sababu isiyokuwa katika msimbo

Kasoro zilizotajwa zinaweza kurekebishwa, na nyingine zimekwisha kurekebishwa. Iliyo nzito zaidi ni ya aina tofauti, na inarudi kwenye stripslashes.

Chukuliwa kuwa chatiboti imepewa msimbo wa zamani na imekuta amri hiyo mahali pa kuonyesha matokeo. Inatoa hoja ifuatayo: magic quotes iliondolewa mwaka 2012, hakuna tena anayeongeza mikwaju, kwa hiyo amri ya kuiondoa haina kazi na inaweza hata kula mikwaju halali. Hoja hiyo ni sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mhandisi mwenye uzoefu angeweza kuitoa. Amri inafutwa, tovuti inafunguka katika toleo jipya, rekodi zilizoingizwa wiki hiyo zinaonekana safi. Lakini rekodi zilizoingizwa kati ya 2004 na 2011, zile zilizokingwa mara mbili, zinatoka na mikwaju yake: "ng\'ombe", "ng\'ambo", "Ng\'ong\'o". Anayetafuta "ng'ombe" hazipati kabisa, kwa kuwa katika hifadhidata neno hilo halimo. Kwa kweli halijawahi kumo. Msimbo wa zamani ulikuwa na kiraka kingine cha kulitafuta kwa mkwaju, nacho kilifutwa kwa sababu ileile.

Sababu ya kuwepo kwa mstari ule haikuwa ndani ya msimbo. Ilikuwa ndani ya data, na data ilifika huko kwa njia ya seva ambayo haipo tena, iliyokuwa na mpangilio ambao hakuna aliyeuandika popote. Mwanahistoria anaufahamu ugumu huu: waraka huweza kusomeka neno kwa neno na bado ukapotosha, kwa kuwa uliandikwa kujibu jambo ambalo halikutajwa ndani yake. Kumlaumu msomaji wa waraka kwa kutoliona jambo hilo si haki sana. Lakini chatiboti ina tabia inayoongeza hatari: hurudisha faili likiwa nadhifu, lenye maelezo ya kila badiliko, na unadhifu huo humfanya mtu aache kukagua. Rector isingeugusa mstari ule. Mtu mvivu pia asingeugusa.

Kinachopotea si kidogo. Wayback Machine ya Internet Archive huhifadhi kurasa kama zilivyoonekana kwa mgeni, lakini haihifadhi hifadhidata iliyo nyuma ya fomu ya kutafuta. Orodha ya wanachama, faharasa ya magazeti au katalogi ya maktaba ndogo isipohama vizuri, hakuna nakala nyingine ya kuirejea. Na kwa kuwa tovuti inafunguka, hakuna anayejua kuwa sehemu yake imezimika.

Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu msimbo wa kurithi, aliufafanua msimbo huo kuwa ule usio na majaribio, yaani usio na njia ya kujua kama badiliko limeuharibu. Alipendekeza kuandika kwanza majaribio yanayonasa tabia ya msimbo kama ulivyo, pamoja na makosa yake. Kwa tovuti ndogo jambo hilo lilikuwa ndoto, kwani lilidai kazi nyingi kuliko kuihamisha tovuti yenyewe. Chatiboti imelipunguzia gharama kwa kiasi kikubwa, na pengine haya ndiyo matumizi yake bora ambayo hayasifiwi vya kutosha. Inaweza kuandika programu fupi ya kufungua kurasa zote za tovuti ya zamani na ya mpya, kulinganisha maandishi, kuhesabu rekodi na kutaja zinazotofautiana, bila kudai kuelewa kwa nini zinatofautiana.

Ili hilo liwezekane, tovuti ya zamani inapaswa kubaki hai kwa muda: PHP 5.6, ambayo marekebisho yake yalikoma tarehe 31 Desemba 2018, ikiwa imewekwa katika mashine iliyotengwa na intaneti, pamoja na nakala ya hifadhidata isiyoguswa. Neno la kwanza la kutafutwa katika pande zote mbili liwe lenye ritifaa, na kinacholinganishwa kwanza kiwe idadi ya majibu.